Jenereta Zima

Kuna watu huzaliwa na woga kama wengine wanavyozaliwa na sauti nzuri, na Mama Taratibu alikuwa mmoja wao. Aliogopa lifti. Aliogopa mbwa wa jirani, ingawa mbwa mwenyewe alikuwa kipofu. Kabla ya kuchomoa waya wa pasi ukutani aliuliza kwa sauti kama kuna mtu anautumia, na nyumbani kwake alikuwa akiishi peke yake tangu bintiye alipoolewa. Jina hilo alibandikwa kazini, kwa kuwa neno lake la kwanza kwa kila aliyesogelea kompyuta yake lilikuwa "taratibu." Awe daktari bingwa, awe mfagiaji: taratibu, baba, taratibu. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Lakini ukifikiria vizuri, mtu mwoga ndiye unayemtaka akae na kompyuta za hospitali. Majasiri waende wakacheze mpira.

Kazi yake haikuwa ya kuonekana. Mgonjwa humwona daktari, humwona muuguzi, humwona hata anayeleta chakula. Nani anamwona mtu wa programu? Alikaa chumba cha chini, ukuta mmoja na chumba cha kufulia mashuka, kukinuka sabuni na mvuke mchana kutwa, akizitunza programu zilizoiendesha hospitali kimyakimya. Iliyomnyima raha kuliko zote ilikuwa programu ya umeme. Umeme wa mji ukikatika, programu hiyo ilitakiwa kushtuka, kuliwasha jenereta kule nyuma ya jengo, kusubiri lipate nguvu, kisha kulikabidhi wodi zote. Wakati huo wa kupokezana, mashine za wagonjwa zilishikiliwa na betri za akiba. Betri zenyewe zilikuwa zimezeeka, na kila mwaka waliahidiwa mpya.

Programu hupangwa kwa mafungu. Kila fungu la amri lina jina lake. Kompyuta ikitajiwa jina hilo, inatekeleza yaliyomo. Mwandishi mwenye adabu huandika mafungu mafupi, kila moja na shughuli yake, kama mtu anayetenga vyombo vya jikoni na nguo za kuvaa. Aliyeiandika programu ya umeme hakuwa na adabu hiyo. Walimwita Profesa, na hakuwa profesa wa kitu chochote. Alikuwa na kichwa chepesi na dharau nzito, akaandika kila kitu ndani ya fungu moja tu, akaliita "fanya kazi," kisha akapata ajira nchi za mbali na kubadilisha namba ya simu.

Fungu hilo lilikuwa refu hata ukianza kulisoma na chai mkononi, chai inapoa, unaagiza nyingine, nayo inapoa. Lilipima umeme, likawasha jenereta, likakagua mafuta, na katikati ya mafuta, bila hodi, pakawa na mstari kuhusu friji ya dawa za chanjo. Kwa nini uko pale? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyethubutu kuuondoa. Mtu wa mwisho kuongeza mstari mmoja humo ndani alisimamisha lifti zote na daktari wa upasuaji yumo, na daktari yule alipotolewa maneno aliyoyasema hayaandikiki.

Huko kwenye nyumba ya jenereta kulikuwa na skrini ndogo ukutani, iliyoonyesha jina la fungu linalotekelezwa wakati huo. Kwa kuwa fungu lilikuwa moja, miaka yote skrini hiyo iliandika neno moja tu kila umeme ulipokatika: FANYA KAZI. Fundi wa zamu, mtu mzima mwenye tumbo la heshima ambaye wote walimwita Grisi kwa sababu ukimpa mkono unaondoka na alama, alikuwa akiipigia saluti. "Haya bosi, naifanya," alisema, akakamata tambara na kuanza kufuta kitu. Aliwaambia watu kwamba duniani ana mabosi wawili, mke wake na skrini ile, na wote wawili hawajawahi kumwambia apumzike.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka hospitali ikajengewa jengo jipya, na jengo jipya likahitaji kuingizwa kwenye jenereta. Mkuu wa kitengo cha kompyuta, kijana mwenye viatu vya kung'aa na haraka zisizoisha, akaja kusimama mlangoni.

"Mama Taratibu, ongeza hilo jengo kwenye programu. Si mstari mmoja tu?"

"Mstari mmoja ndio uliomfungia daktari kwenye lifti," akasema. "Humo ndani siongezi kitu mpaka nilikate lile fungu vipande. Vidogo, kila kimoja na jina lake, ili mtu akiingia ajue yuko wapi."

"Kata basi. Ila kisikatike kitu."

Akacheka kwa mzaha wake mwenyewe, akaondoka. Mama Taratibu hakucheka. Ni yeye aliyelisema neno hilo kwa kinywa chake na sasa hakuna wa kumsingizia.

Alilikata kwa namna aliyoishi. Kwanza alijitengenezea hospitali ya bandia juu ya meza: ubao wenye taa ndogondogo, kila taa ni wodi, na feni ndogo ya mezani ndiyo jenereta. Halafu akawa anatoa kipande kimoja cha lile fungu, anakiweka pembeni kama kifungu kinachojitegemea, anakipa jina, kisha anakata umeme wa ubao wote kuona kama taa zinawaka kwa mpangilio uleule wa zamani. Zikiwaka, anapumua. Kisha anajaribu tena, kwa kuwa pengine mara ya kwanza ilikuwa bahati. Kila kipande kilichotoka kilimpa hofu mpya. Ikiwa Profesa alikuwa na sababu? Ikiwa huu mstari wa friji unashikilia kitu ambacho ubao wa mezani hauwezi kukionyesha? Usiku aliota fungu lote likimtambaa kitandani, akaamka jasho limemlowesha.

Wakati kazi imefika katikati, nusu imekatwa na nusu bado, bintiye akashikwa na uchungu kabla ya wakati.

Walimleta hospitali hiyohiyo. Mtoto alizaliwa mdogo mno, wa kiume, ngozi yake nyembamba unaona mishipa, akawekwa ndani ya inkubeta, kile kisanduku cha kioo chenye joto, na mashine ya kumsaidia kupumua ikaunganishwa puani. Baba wa mtoto alikuwa safarini kikazi, njiani kurudi. Mama Taratibu alisimama nje ya kioo akahesabu waya. Watu wengine wakiona waya hospitalini wanaona waya tu. Yeye alizifuata kwa macho mpaka ukutani, kutoka ukutani akazifuata kichwani mpaka chini, mpaka kwenye ile programu iliyolala mezani kwake imepasuliwa. Mjukuu wake alikuwa akipumua kupitia kazi yake. Kabla ya siku hiyo aliogopa unga kumwagika, kufukuzwa kwa aibu, kuchekwa. Hofu hiyo ya zamani sasa aliiona ya kitoto.

Alifikiria kurudisha fungu la zamani na kujifanya hakuwahi kugusa kitu. Lakini jengo jipya lilikuwa tayari limeshaunganishwa, na fungu la zamani halikujua kwamba lipo. Umeme ungekatika, jenereta lingebebeshwa mzigo lisioutarajia. Kurudi nyuma kubaya, kusonga mbele kubaya. Akajikaza, akasonga, roho mkononi.

Kilichobaki kigumu kilikuwa majina. Kukata, mashine inakusaidia. Jina unalitafuta peke yako. Alitaka majina ya Kiswahili chepesi, ili hata Grisi akiyaona kwenye skrini aelewe kinachoendelea badala ya kupigia saluti FANYA KAZI miaka nenda miaka rudi. Kifungu cha kupima kama umeme wa mji upo, akakiita PIMA UMEME. Cha kuliamsha jenereta, WASHA JENERETA. Cha kuzihamishia wodi kwenye jenereta, HAMISHA MZIGO. Katikati ya hivyo kulikuwa na kifungu cha kuuliza swali: je, jenereta ni zima? Mafuta yamepanda, joto la injini liko sawa, mzunguko umetulia? Kama bado, uliza tena, na tena, mpaka jibu liwe ndiyo. Skrini ilikuwa nyembamba, haikubali maneno marefu. "Je" ikaondoka, "ni" ikaondoka, zikabaki herufi zilizotosha: JENERETA ZIMA. Akalitazama akaliona zuri. Jenereta zima, kama yai zima, lisilo na ufa.

Siku ya kuiweka programu mpya alisimama yeye mwenyewe nyumba ya jenereta, na fundi wa zamu nyingine, huku mkuu wa kitengo akipiga picha na simu. Wakakata umeme wa mji kwa makusudi. Injini ilikuwa imetoka kuendeshwa kwa majaribio, bado ina joto. Lile swali likajibiwa papo hapo, maneno yakapita kwenye skrini hata jicho halikuyakamata. Wodi zikawaka zote. Mkuu wa kitengo akampigia makofi. Yeye akaomba kiti.

Siku zilizofuata mvua ilianza. Alasiri moja, saa ya kutazama wagonjwa, Mama Taratibu alikuwa amekaa pembeni ya bintiye kwenye wodi ya watoto wachanga, dirishani maji yakitiririka, wakimtazama mtoto akikunja vidole. Binti alikuwa akieleza kwamba leo ameongezeka uzito kidogo, sista kasema. Radi ikapiga karibu. Taa zikazimika.

"Usiogope," Mama Taratibu akasema, kabla bintiye hajaonyesha kuogopa chochote. "Betri zimeshika. Sasa hivi jenereta linawaka."

Kweli mashine ya mtoto ilikuwa ingali inavuma, taa yake ya kijani imegeuka njano, kuonyesha inakula betri. Na kweli, nyuma ya jengo jenereta likakohoa, likanguruma. Mama Taratibu akafumba macho akalisikiliza jinsi wengine wanavyosikiliza mtoto wao akisoma mbele ya darasa. Lilinguruma vizuri. Likapanda. Halafu likanyamaza.

Wodi nzima ikawa kimya, isipokuwa milio ya betri, kila mashine ikilia kwa zamu yake. Muda kidogo, jenereta likakohoa tena, likanguruma, likapanda. Likanyamaza.

"Mama, vipi?" binti akauliza. "Mbona linazimika?"

Mama Taratibu alijua kitu kimoja tu: kazi yake imevunjika, na imevunjikia hapa. Sista mkuu wa wodi, mwanamke mpana asiyepaza sauti, alikuwa tayari anatembea kati ya inkubeta akisoma taa. Alifika kwa mtoto wao, akainama, akanyoosha mkono kuchukua ule mfuko wa mpira wa kupulizia hewa kwa mkono. Aliuweka karibu, bila haraka, na ule utulivu wake ulitisha kuliko kelele.

"Mama mtoto, fungua vifungo vya blauzi," akamwambia binti. "Betri ikiisha tutamtoa, joto atalipata kifuani kwako. Hewa nitampa mimi."

Taa ya mashine ikawa nyekundu.

Mama Taratibu alianza kuipitia programu kichwani. Hapakuwa na kompyuta wala muda wa kuikimbilia, ila kila kifungu alikuwa amekikata kwa mkono wake na alikijua. Lile fungu la zamani asingeweza kulikumbuka hata nusu. Hivi vidogo vilikuja vyenyewe, kimoja baada ya kingine, kwa majina. Sauti ikamtoka midomoni bila kujua, huku masikio yakiwa nje ya dirisha yakifuata injini.

"Pima umeme," akanong'ona. "Hapo sawa, kimejua umekatika. Washa jenereta. Limewaka, nalisikia limewaka. Jenereta zima..."

"Nani kasema lizimwe?" sista akamkatiza, mkono uko kwenye mfuko. "Watoto hawa! Nani kasema lizimwe?"

"Hapana, sista, sikusema lizimwe. Nimesema jenereta..."

Akalisikia sasa. Akalisikia kwa sikio la mwingine, na damu ikamwishia usoni. Washa jenereta. Jenereta, zima. Kule nyuma kulikuwa na mtu mtiifu, aliyezoeshwa miaka yote kwamba skrini ile hutoa amri, na mvua imeipoza injini, na lile swali leo halipati jibu upesi, kwa hiyo maneno yake hayapiti haraka. Yamesimama pale, makubwa, yanawaka na kuzima, yakimwambia Grisi azime. Na Grisi anazima.

Hakuaga. Lifti zilikuwa zimekufa. Alishuka ngazi mbio, mkono ukiburuzika ukutani, akavuka uwanja kwenye mvua na viatu vimejaa maji. Nyuma yake, au kichwani mwake, alikuwa akisikia mfuko wa mpira ukibinywa na kuachiwa. Alipokuwa mlangoni mwa nyumba ya jenereta injini ikawaka kwa mara nyingine, moshi ukamvaa.

Grisi alikuwa amesimama mbele ya skrini, kiganja juu ya kitufe chekundu, shati limemganda mgongoni. Macho yamemtoka pima.

"Mama, hili limepata wazimu!" akapiga kelele kushinda injini. "Linaniambia washa, linawaka lenyewe. Halafu linaniambia zima! Nikizima, linarudia! Litapasuka hili, nakuapia!"

Nyuma ya kichwa chake skrini ilikuwa ikipepesa: JENERETA ZIMA. JENERETA ZIMA.

"Toa mkono!"

"Limesema lizimwe!"

"Halijasema! Toa mkono, kaka yangu, mjukuu wangu yuko juu!"

Akajipenyeza kati ya yule mtu na kile kitufe, akaegemea ukuta kwa bega, akikikinga kwa mwili wake bila kukigusa. Huyu ni mwanamke aliyeomba ruhusa kabla ya kuchomoa pasi. Na kilichomtisha zaidi hakikuwa Grisi. Ikiwa Grisi yuko sahihi? Injini ilikuwa inapiga kelele ambayo hakuijua, bomba likitoa moshi mweusi. Kifungu kilikuwa kikiuliza na kuuliza: ni zima? ni zima? Na kama jibu ni hapana? Kama kweli bovu, na yeye amelizuia kuzimwa? Alikuwa amekiandika yeye, na hakukiamini.

"Likipasuka tumekufa wote wawili," Grisi akasema.

"Tutakufa basi. Subiri."

Wakasubiri. Hakuna aliyejua ni muda gani, na baadaye kila mmoja alitaja wake. Injini ikakohoa, ikatulia, mlio ukanyooka. Maneno kwenye skrini yakabadilika: HAMISHA MZIGO. Ndani ya kabati la chuma swichi kubwa zikagonga, moja, nyingine, nyingine, na kupitia mlango wakaona madirisha ya hospitali yakiwaka ghorofa baada ya ghorofa. Mama Taratibu akateleza ukutani mpaka chini, akakaa kwenye mafuta na sketi yake nzuri.

"Sasa mbona liliniambia zima?" Grisi akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Mimi nimesoma nilichoandikiwa."

"Najua," akasema. "Nilitaka kusema si bovu. Zima. Zima la uzima."

Grisi akalirudia neno mdomoni, kwanza hivi, kisha vile. Akakaa naye chini.

Kwenye korido ya juu Mama Taratibu alikutana na mkuu wa kitengo, simu sikioni, kiganja kimefunika mdomo wa simu. "Usiwe na wasiwasi kabisa," akamnong'oneza. "Ni kosa la fundi. Kabonyeza kitu kisichobonyezwa. Programu yako imepita majaribio, nilikuwepo, nina picha." Akamwonyesha dole gumba, akaendelea na safari yake. Mama Taratibu alisimama hapo amelowa chapachapa, na tuseme kweli, maneno yale yalimwingia kama maji ya moto kwa mtu mwenye baridi. Alitamani sana yawe ndiyo habari yenyewe.

Bintiye alikuwa kwenye kiti, mtoto kifuani, shuka juu yao. Betri ya mashine ilikuwa imekufa kabla ya taa kurudi, na sista alikuwa amempulizia mtoto hewa kwa mkono muda wote huo. Sasa mashine ilikuwa inavuma tena na sista amekaa kitandani anajichua kifundo cha mkono. Rangi ya mtoto ilikuwa imerudi. Ilikuwa imeondoka, binti akasema. Midomo ilikuwa ya bluu. Alisema hivyo bila machozi, akitazama ukuta.

"Mama, ni nani aliyekuwa anazima?"

Jibu alikuwa amepewa koridoni, limefungwa vizuri, la kutoa tu.

"Fundi alibonyeza," akasema. Kisha: "Lakini ni mimi niliyemwambia. Niliandika neno lenye sura mbili, yeye akaona ile nyingine. Ni mimi, mwanangu."

Binti hakumtazama. Mkono wake ulikuwa ukipapasa mgongo wa mtoto juu ya shuka, juu na chini, juu na chini. Nje mvua haikuwa na dalili ya kupungua, na umeme wa mji ulikuwa umerudi kwa kigugumizi, wa kukatika wakati wowote.

"Umelibadilisha?"

"Bado. Ndiyo naenda."

"Hapana. Kalete kompyuta yako, ubadilishie hapa. Na usome kwa sauti, nikusikie."

"Mwanangu, hivi vitu huvijui wewe."

"Yule fundi naye havijui. Kalete."

Akaileta kompyuta ya mkononi, akaiweka juu ya magoti. Sista akasogeza kiti naye asikie. Jenereta zima akalifuta kwanza kabisa, akaandika INAKAGUA INJINI, akamtazama bintiye, bintiye akaitikia kwa kichwa. Akarudi mwanzo.

"Pima umeme."

"Nani apime?" binti akauliza.

"Kompyuta."

"Basi isiseme kama inamtuma mtu. Endelea."

"Washa jenereta."

"Hivyohivyo. Fundi ataenda kuliwasha wakati limeshawaka."

"Herufi hazitoshi kwenye skrini."

"Mnunue skrini pana," sista akasema.

Aliandika, akafuta, akaandika. Kila jina alilodhani limekaa sawa, likipita kwenye masikio ya wale wawili lilitoka limepinda mahali. Hofu iliyokuwa imemshuka ikaanza kupanda upya kutoka miguuni, kwa kuwa vifungu vilikuwa vingi, na vyote vilikuwa kazini dakika hiyohiyo kule chini, vikimngoja Grisi avisome. Akafika vile vya mwisho, vya siku jenereta litakapozidiwa na mzigo na kulazimika kuchagua nani apewe na nani akatwe. Hivyo alivitunga wiki ile mjukuu alipozaliwa.

"Kata ofisi," akasoma. "Kata dobi. Kata lifti."

"Hizo zinaeleweka," sista akasema. "Zikatwe."

Kilichofuata alikiandika kwa moyo wake wote. Alikiandika usiku wa kuamkia siku mtoto alipopimwa mara ya kwanza, akihakikisha kwamba hata hospitali yote ikiwa giza, hapa pasiguswe kamwe, umeme wao waachiwe. Akakisoma kwa sauti iliyotulia kuliko zote.

"Acha watoto."

Mkono wa binti ukasimama juu ya mgongo wa mtoto.

"Mama," akasema, "umeandika watuache?"